Gari Lililowashwa kwa Sala

Bora nianze kwa kukiri mwenyewe, maana najua hapa Bombambili, Songea, habari hii imeshazunguka na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Ni kweli kwamba katekista mzima, mtu wa heshima zake, aliliombea gari langu likawaka. Ni kweli kwamba nilikaa kimya watu wakitoa machozi ya furaha. Ni kweli pia kwamba mwisho wa yote mchumba wangu alimwambia mama yake, mbele ya ukoo, asogeze magoti. Lile la kwamba nilizimia ni uongo. Sikuzimia, nilitamani tu.

Mambo yalianza na uoga wangu. Mimi nauza pembejeo, mbegu na mbolea, na baada ya misimu miwili mizuri nilinunua kigari cha mtumba cha rangi ya fedha, kidogo lakini kinatembea, na tangu siku nilipokileta nyumbani nikaacha kulala vizuri kwa sababu kila mbwa akibweka mimi nilikuwa dirishani. Fundi mmoja wa umeme wa magari akanihurumia, akasema nifunge swichi ya siri. Ni kidude cha kubonyeza, kidogo kama kifungo cha koti, na kazi yake ni kukata umeme wa pampu ya mafuta, kwa hiyo ukikizima mwizi anaweza kupiga stata mpaka achoke, injini itazunguka na kuzunguka lakini haitawaka, maana mafuta hayafiki. Watu wengi wanafungiwa chini ya usukani. Fundi akasema huko ndiko wezi wanakoanza kupapasa, kwa hiyo yangu akaificha upande wa abiria wa mbele, chini ya kile kidroo cha kuwekea karatasi, pale hasa goti la abiria linapokaa. Akanionya nisimwambie mtu. Nikamuuliza, hata mchumba? Akasema hasa mchumba. (Alikuwa ametoka kuachwa na mke, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.)

Basi nikaizoea. Nikipaki, mkono unakwenda wenyewe unaizima, nikitaka kuondoka mkono unakwenda wenyewe unaiwasha, na baada ya miezi kadhaa mimi na swichi tulikuwa hatujuani tena, mkono ndio ulikuwa unajuana nayo.

Sasa huyo mchumba ni Konsolata, fundi cherehani, anafanyia kazi hapa mjini lakini kwao ni Namtumbo. Baba yake, Mzee Ngonyani, analima tumbaku na mahindi na ni mtu ambaye hacheki ovyo. Safari ya kwanza tulipanga kwenda kupeleka posa, mshenga wangu akaamka na malaria, tukaahirisha, na Mzee Ngonyani akamwambia binti yake kwamba anaanza kuniona mtu wa kesho kesho. Akatupa siku nyingine kwa shingo upande, na kwa sharti kwamba tufike kabla ya adhuhuri, kwa sababu msemaji wa ukoo wao ni baba mkubwa wa Konsolata, na mke wa huyo baba mkubwa alikuwa amelazwa hospitali kule Mbesa, upande wa Tunduru, na mchana ule ule mzee alitakiwa kupanda basi la kwenda Tunduru ili amfikie mgonjwa. Bila yeye hakuna mazungumzo. Siku moja kabla, Konsolata akanipigia simu kutoka kwao, akaongea kwa sauti ya chini kabisa.

"Festo, safari hii usipofika mimi sitakuwa na neno la kumwambia baba."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitafika. Na hapo ningeweza kukata tiketi za basi kama watu wote wenye akili, mabasi ya kwenda huko yapo. Lakini nilitaka wakwe wakione kigari. Kwa desturi muoaji haongei kwenye posa, wengine hata hawaendi, nikamwambia mshenga kwamba mimi nitakwenda kama dereva tu. Akasema sawa, dereva naye haongei.

Tukaondoka asubuhi watu wanne. Mbele, kushoto kwangu, alikaa shangazi Gaudensia aliyenilea, mwanamke mwenye mwili wake, na magotini alikuwa amepakata kikapu cha zawadi ambacho alikataa kisiwekwe kwenye buti kwa maelezo kwamba buti ni mahali pa spea taili. Nyuma alikaa baba mdogo Otmar, ambaye masikio yake hayafanyi kazi vizuri ila ukimwambia hivyo anakasirika, na pembeni yake mshenga, Mzee Haule, katekista wa kigango chetu, amevaa suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka mstari wa suruali unakata. Barabara ni lami nzuri, hali ya hewa nzuri, shangazi anaimba wimbo wa kanisani, mimi nimevaa suti yangu na naendesha kwa mkono mmoja.

Tulipofika Lumecha tukasimama ili watu wajiweke sawa. Mzee Haule akafunga tai, shangazi akashuka akabadilisha kanga ya safari akavaa ile ya ukweni, baba mdogo akaenda nyuma ya mti. Swichi sikuizima kwa sababu watu wote walikuwa pale pale. Shangazi akarudi kwenye kiti chake na kikapu chake, akajisogeza, akajipanga, akavuta pumzi, akasema twende. Nikageuza ufunguo. Injini ikazunguka vizuri sana, kwa nguvu kabisa, nyee nyee nyee nyee, na haikuwaka.

Nikajaribu tena. Haikuwaka.

Mtu mwingine hapo angeshtuka, mimi sikushtuka, kwa sababu kwa bahati mbaya nilikuwa nimetazama video nyingi za magari kwenye simu. Nikashuka, nikavua koti, nikafungua boneti na kuanza kuwaelimisha wazee. Nikawaambia stata inazunguka kwa nguvu, kwa hiyo betri ni nzima, tuiache betri. Injini inahitaji vitu vitatu tu, hewa, moto na mafuta, tukijua kipi hakipo tumemaliza kazi. Mzee Haule akatikisa kichwa kwa heshima, akasema kumbe kusoma ni kuzuri.

Hewa ilikuwepo, nilikagua kichujio chake nikakikuta safi. Mafuta nilikuwa nimejaza asubuhi. Swali likawa kama yanatoka kwenye tangi kuja mbele, na hapo nikatumia utaalamu wa juu kidogo. Pampu ya mafuta iko chini ya kiti cha nyuma, na ukifungua ufunguo bila kupiga stata inatakiwa kunguruma kwa muda mfupi, sauti ndogo kama ya nyuki ndani ya chupa. Nikamwomba baba mdogo Otmar aweke sikio kwenye kiti. (Ndiyo, nilijua masikio yake. Lakini Mzee Haule hakutaka kukunja suti, na shangazi alikuwa na kikapu.) Baba mdogo akapiga magoti nje ya mlango, akalaza sikio juu ya kiti, mimi nikafungua ufunguo. Watu wote kimya, tunamtazama yeye tu.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia. Inalia vizuri."

Nikatangaza kwamba pampu ni nzima. Kwa hiyo, kwa hesabu zangu, tatizo lilikuwa moto. Nikaanza kung'oa nyaya za plagi, nikapanguza plagi kwa leso yangu ya sherehe, nikachomoa fyuzi zote moja moja nikazitazama kwenye jua nikazirudisha, na kila baada ya kitu narudi kupiga stata, nyee nyee nyee, na shangazi yuko pale pale kwenye kiti anasema labda limechoka lipumzike. Kikundi cha watu kikaanza kukusanyika. Mmoja akasema ni mafuta mabaya, mwingine akasema injini imekula maji, mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akauliza kama kabla ya safari tulikuwa tumegombana na mtu. Kisha wote kwa pamoja wakaamua kwamba lisukumwe.

Nikawaeleza kwamba gari langu ni otomatiki na gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Nilieleza vizuri tu, lakini wanaume waliokwishakunja mikono ya shati hawasikii maelezo. Wakasukuma. Na kwa kuwa mteremko ulikuwa umeelekea tulikotoka, walitusukuma kurudi Songea, wakiimba, mpaka mteremko ukaisha, na pale tuliposimama tulikuwa mbali zaidi na Namtumbo kuliko tulipoanza. Simu ikaita, Konsolata. Nikamwambia tuko njiani. Akaniuliza mko wapi hasa, nikasema karibu. Akasema baba mkubwa ameshaanza kufunga begi.

Nawaambieni ukweli, hapo video za simu zilikuwa zimeniishia. Jua limepanda, mikono yangu imejaa grisi, suti ya Mzee Haule ina alama ya kiganja mgongoni ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia, na mimi nilikuwa namwona Konsolata amesimama uani kwao anatazama barabara huku baba yake anamtazama yeye.

Ndipo Mzee Haule akasema binadamu tumefikia mwisho wetu, sasa tuombe. Shangazi akashuka haraka, akaingiza mkono kwenye kikapu akatoa kichupa cha maji ya baraka, kumbe hiyo ndiyo sababu kikapu hakikutakiwa kukaa kwenye buti. Wakalizunguka gari, na wale wasukumaji, na mama wa ndizi, wote wakavua kofia na kufumba macho. Mimi nikaambiwa nikae kwenye usukani, wakisema Amina nipige stata. Nikainamisha kichwa. Sala ya Mzee Haule ni ndefu, shingo ikaniuma, nikakiegemeza kichwa upande wa kushoto, kile kiti cha mbele kikiwa kitupu, na nilipofumbua jicho moja nikawa natazama moja kwa moja chini ya kidroo. Swichi ilikuwa imebonyea. Imezimwa. Goti la shangazi.

Nilielewa kila kitu kwa mara moja, na nilichofikiria kwanza ni zile fyuzi.

Sasa hapa ndipo mnaponihukumu na mimi siwalaumu. Ningeweza kuinua kichwa nikasema jamani, samahani, gari ni zima, mimi ndiye mjinga. Lakini nilikuwa nimewafundisha habari za hewa, moto na mafuta. Nilikuwa nimewaacha wasukume otomatiki. Na Mzee Haule alikuwa amefika mahali anapotaja jina la Konsolata kwa sauti inayotetemeka. Mkono wangu ukaenda taratibu, ukabonyeza. Amina ikaja, nikageuza ufunguo, gari likawaka kana kwamba halijawahi kukosana na mtu.

Sitaki kuwaelezea furaha ile. Wanaume walirukaruka. Mama wa ndizi alitupatia mkungu mdogo bure. Baba mdogo Otmar alisikia injini bila kuambiwa. Mzee Haule hakuruka, alisimama tu amejishika kifua, macho yana maji, akisema polepole kwamba katika miaka yote ya utumishi wake hajawahi kuona jibu la haraka namna ile. Nilitia gia nikaondoka. Nilipanga kuwaambia ukweli tukifika mbele kidogo, na kila tulipofika mbele kidogo nikaona bado kidogo.

Tulifika Namtumbo baba mkubwa ameshavaa viatu vya safari. Mzee Ngonyani alikuwa amekaa barazani, uso umefungwa, na alipoitika shikamoo zetu aliitika kama mtu anayehesabu. Wazee wakashuka wakakaribishwa ndani, mimi nikabaki nyuma nafunga vioo, na mkono wangu, ule usiomwambia mtu unachofanya, ukazima swichi kama kawaida yake.

Ndani mshenga akaombwa aeleze kwanza sababu ya kuchelewa. Akaeleza. Jamani, Mzee Haule si mwongo, lakini ni mhubiri, na muujiza ukipita kwenye mdomo wa mhubiri unanenepa. Akasema dereva alijaribu elimu yote ya dunia ikashindikana. Akasema gari lilikuwa limekufa kabisa, baridi, na neno la Amina lilikuwa halijaisha mdomoni. Wanawake waliokuwa mlangoni wakaanza kupiga vigelegele. Mimi nilikaa kwenye kona na mikono katikati ya magoti, na desturi, ambayo siku zote niliiona ya kizamani, safari hii ilinisitiri, kwa sababu muoaji haongei. Mazungumzo yakaenda kama maji. Kila tulichoombwa kililainishwa, baba mkubwa akasema ukoo ambao Mungu mwenyewe ameusukuma mpaka mlangoni hauwezi kurudishwa, na Mzee Ngonyani akacheka. Konsolata aliletwa kuulizwa kama anatufahamu, akasema anatufahamu, akanitazama kidogo tu, na niliona jinsi alivyofurahi. Nikajiambia basi, iwe hivyo, nitaubeba muujiza huu mpaka kaburini.

Muda wa basi ukafika. Baba mkubwa na mama yake Konsolata, ambaye naye alikuwa anakwenda Mbesa kumuuguza huyo mgonjwa, wakawa wanajiandaa kwenda kwa bodaboda mpaka stendi. Mzee Ngonyani akakataa. Akasema kuna gari la baraka limesimama uani na kuna mkwe, watapelekwa na mkwe. Mkwe, alisema hivyo hivyo. Mama akapewa kiti cha mbele kwa heshima, akaingia na kapu la chakula cha mgonjwa, akalipakata, akafunga mlango, magoti yakafika pale yanapofika. Ukoo wote ukatoka uani kuaga. Nikakaa kwenye usukani, mkono wangu wa kushoto ukaanza safari yake ya kila siku, ukafika nusu, ukasimama.

Wale mliooa mnajua. Mama mkwe hata kumpa mkono unafikiria mara mbili. Mkono wangu ulikuwa unaelekea magotini kwake, mbele ya mume wake, shemeji yake yuko kiti cha nyuma, ukoo mzima unapunga. Niliurudisha mkono nikaushikisha gia. Nikafikiri labda leo kwa rehema tu litawaka. Nikageuza ufunguo. Nyee nyee nyee nyee.

Hakuna aliyehofia. Hicho ndicho kilichoniumiza, walifurahi. Mzee Haule akainua mkono akasema ndugu zangu mtashuhudia kwa macho yenu, na watu wakakimbia kuita majirani. Wakalizunguka gari safu mbili. Mama mkwe akataka kushuka apige magoti, nikapata matumaini makubwa, lakini mume wake akamwambia akae, asichafue kanga ya safari. Sala ikasomwa. Amina ikapigwa mpaka kuku wakakimbia. Nikageuza ufunguo, nyee nyee nyee, hakuna kitu. Wakaimba wimbo, wakaomba tena kwa nguvu zaidi, shangazi akamwaga maji ya baraka yote yaliyobaki juu ya boneti, nyee nyee nyee. Stata ikaanza kupunguza sauti. Baba mkubwa kwenye kiti cha nyuma akatazama saa, akaitazama tena.

Mzee Haule akawageukia watu. Jasho linamtoka. Akasema sala haikatai yenyewe, kuna mtu hapa ana jambo moyoni, na aliseme ili tusizuie neema.

Baba mdogo Otmar akavua kofia.

"Mimi ile pampu sikuisikia," akasema. "Nilisema nimeisikia kwa sababu mlikuwa mnanitazama."

Watu wakamwambia si kitu, amesamehewa. Shangazi akaanza kulia, akasema kichupa kilikuwa kimebaki nusu na yeye alikijaza maji ya bombani. Naye akasamehewa. Nikajua zamu yangu inakuja na nikawa natafuta maneno, lakini Mzee Ngonyani akanitangulia. Akasogea mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti yangu, akaongea akinitazama kupitia kioo.

"Mimi niliomba msifike. Nilitaka binti yangu aolewe hapa karibu, nimwone. Niliposikia Mungu amekuwashia gari, nikasema mimi ni nani. Nisamehe, mwanangu."

Hapo moyo ulinivunjika, sina neno jingine. Mzee yule alikuwa amenipa binti yake kwa sababu ya swichi. Na nyuma yangu alikuwa amekaa mtu ambaye mke wake yuko wodini anamsubiri, na basi halimsubiri mtu. Ningeweza kusema kwa sauti, lakini ulimi ulikataa, na kumwambia mama mkwe habari za magoti yake kulishindikana zaidi. Nikashusha kioo nikamwita Konsolata. Akaja, akainama, nikamnong'oneza yote, kuanzia kwa fundi mpaka Lumecha, kwa haraka, bila kupumzika.

Hakubadilika uso. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akazunguka mbele ya gari, akampita baba yake, akafungua mlango wa abiria.

"Mama, sogeza magoti. Kuna swichi."

Akaingiza mkono mwenyewe, akabonyeza. Nikageuza ufunguo, gari likawaka mara moja, likanguruma kwa raha zake katikati ya watu wote wale waliosimama wameunganisha mikono. Bibi mmoja tu wa jirani, aliyekuwa nyuma na hakuona kilichofanyika, akasema Amina, peke yake.

Niliwapeleka stendi. Basi lilikuwa limeshawasha injini na baba mkubwa aliliwahi, ashukuriwe Mungu, na hili nasema kwa dhati. Njia nzima mama mkwe alikaa amekunja miguu upande wa mlango, na aliposhuka alishuka bila kugusa kitu chochote cha gari langu isipokuwa kitasa. Baba mkubwa alisema ahsante, dereva. Asubuhi ningefurahi kuitwa dereva.

Niliporudi uani watu walikuwa wametawanyika na Konsolata alikuwa ananisubiri barabarani, kabla ya geti, ili tusisikike. Hakupandisha sauti. Aliniuliza swichi hiyo niliifunga lini, nikamwambia mwaka jana. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikasema fundi alinikataza. Nilivyolisikia jibu langu likitoka mdomoni nilitamani kulirudisha.

"Kila ulipokuja kunichukua," akasema, "ulikuwa unainama upande wangu kabla hatujaondoka. Mimi nilikuwa najua unaangalia kama nimefunga mkanda. Niliwasimulia dada zangu kwamba nimepata mwanaume anayenijali."

Ningemwambia nini, kwamba nilikuwa naangalia vyote viwili? Sikuwa naangalia mkanda hata siku moja.

Mzee Ngonyani alitoa hukumu akiwa amesimama, hakutukaribisha kukaa tena. Alisema mazungumzo yote ya leo yalifanyika juu ya muujiza, na kwa kuwa muujiza haupo, mazungumzo nayo hayapo. Tukitaka turudi siku nyingine, tuanze mwanzo. Na tuje kwa basi. Tukaondoka. Shangazi alikuwa anasema mambo kwa Kingoni peke yake, akitazama dirishani, na akianza Kingoni unajua si wakati wa kumkatiza. Mzee Haule alivua tai, akaikunja, akakaa ameishika mpaka Bombambili. Nilipomfungulia mlango nyumbani kwake alishuka, akajipangusa suti, akasimama.

"Festo, mimi nilimshukuru Mungu kweli," akasema, akaingia ndani.

Katika yote, hilo ndilo bado linanijia nikiwa nimekaa dukani peke yangu. Nilikwenda kumwomba radhi, na nikaenda tena, na aliponisamehe alinisamehe vizuri, lakini nilipomwomba aendelee kuwa mshenga alinishauri nimtafute mtu ambaye bado hajanizoea. Konsolata alikaa wiki kadhaa bila kupokea simu zangu. Siku alipopokea alisema neno moja tu la masharti, swichi itoke. Nilikwenda kwa fundi siku ile ile, akanionya gari litaibiwa, nikamwambia liibiwe. Tukarudi Namtumbo kwa basi na mshenga mpya, suti zetu zimejaa mikunjo, na Mzee Ngonyani alitupokea bila kucheka na alituminya kwa kila kitu ambacho mara ya kwanza alikilainisha, na nililipa vyote kwa shukrani.

Sasa tumeoana, na nimejiwekea nadhiri kwamba mtu akianza kuomba mbele yangu, mikono yangu yote miwili itakaa mahali ambapo kila mtu anaiona. Na nadhiri nyingine, kabla ya safari yoyote namwangalia mke wangu kama amefunga mkanda. Nikiinama upande wake, yeye huinua magoti, anachungulia kwanza chini ya kidroo, anapapasa kwa mkono mpaka aridhike, ndipo ananiambia niwashe gari.